Maswali na Majibu ya Kompyuta: Programu Inapogoma Kuingia

Barua za safari hii karibu zote zinatoka kwa watu waliokwama katikati ya kusakinisha programu, wengi kwenye Ubuntu (mfumo wa Linux), mmoja kwenye Windows. Ombi letu kwenu mnaotuandikia: msitutumie mstari wa mwisho peke yake. Ule usemao `Sub-process /usr/bin/dpkg returned an error code (1)` ni tangazo la msiba tu. Sababu ya kifo imeandikwa mistari kumi au ishirini juu yake. Nakilini yote yaliyotoka kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri). Kama dirisha limeshafungwa, yote bado yamo ndani ya `/var/log/apt/term.log`.

Umeme ulikatika katikati ya masasisho

*Nilikuwa nasasisha Ubuntu 22.04 kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, umeme ukakatika. Uliporudi mashine iliwaka vizuri, ila kila nikitaka kuweka programu naambiwa dpkg was interrupted. Nimeendesha amri niliyoelekezwa, ikaleta kosa jingine: files list file for package 'libgtk-3-0:amd64' is missing final newline. Nifute kila kitu nianze upya? – Msomaji, Morogoro*

Usifute. Hali hiyo inarekebishika, na nyaraka zako haziguswi.

dpkg, chombo cha Ubuntu cha kuweka vifurushi (programu zilizofungashwa), huweka kifurushi kwa hatua mbili: kwanza hukifungua na kusambaza mafaili yake mahali pake, kisha hukisanidi kwa kuendesha skripti zilizomo ndani yake. Umeme ukikatika kati ya hatua hizo, vifurushi kadhaa hubaki vimefunguliwa lakini havijasanidiwa. Ndiyo maana huanza hivi:

`sudo dpkg --configure -a`

Amri hiyo humalizia hatua ya pili kwa vyote vilivyokwama. Inayofuata humwita apt, anayepakua vifurushi na kumkabidhi dpkg, atafute vitegemezi (vifurushi ambavyo vingine vinavihitaji) vilivyopungua:

`sudo apt --fix-broken install`

Kwa wengi hizo mbili zinatosha. Kwako hazikutosha kwa sababu kila kifurushi kina orodha ya mafaili yake kwenye folda ya `/var/lib/dpkg/info`, yenye jina linaloishia na `.list`. Umeme ulipokatika, jina la orodha hiyo lilikuwa limeshafika diskini, maandishi yenyewe bado. Faili likabaki limejaa baiti za sifuri. dpkg inakataa kuendelea, na ina haki: bila orodha haijui kipi ni mali ya kifurushi kipi.

Sasa, dpkg hukutajia orodha mbovu moja tu, ile ya kwanza kukutana nayo. Ukiirekebisha itakuja na ya pili, halafu ya tatu, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa. Zitafute zote kwa mkupuo:

`sudo grep -laP '\x00' /var/lib/dpkg/info/*.list`

Kila iliyotajwa ihamishe, usiifute kwanza:

`sudo mkdir /root/orodha-mbovu`
`sudo mv /var/lib/dpkg/info/libgtk-3-0:amd64.list /root/orodha-mbovu/`

Rudia zile amri mbili za mwanzo. Utaona onyo kwamba orodha ya kifurushi haipo na kwamba dpkg inakichukulia kuwa hakina faili lolote. Ni onyo, si kosa, liache lipite. Kisha kisakinishe upya kila kifurushi ulichokigusa ili orodha yake iandikwe tena:

`sudo apt-get install --reinstall libgtk-3-0`

Ikiwa kosa lako lingetaja `/var/lib/dpkg/status` badala ya orodha, dawa ingekuwa nyingine. Hilo ndilo daftari kuu la dpkg, na lina nakala. Weka lile bovu pembeni, halafu urudishe la awali:

`sudo cp /var/lib/dpkg/status /root/status-mbovu`
`sudo cp /var/lib/dpkg/status-old /var/lib/dpkg/status`

Kama na hilo limeharibika, nakala nyingine zimo `/var/backups`, kwa jina la `dpkg.status.0` na zile za zamani zaidi zilizobanwa kwa gzip.

Mwisho wa yote endesha `sudo dpkg --verify`. Mstari wenye namba 5 unamaanisha faili limetofautiana na lilivyotoka kiwandani. Ukiwa na herufi `c` kabla ya njia ya faili, hilo ni faili la mipangilio na huenda ulilibadilisha mwenyewe. Usipokuwa na `c`, hasa kwa mafaili ya chini ya `/usr`, tafuta kifurushi chenye faili hilo kwa `dpkg -S` ikifuatwa na njia ya faili, ukisakinishe upya kifurushi hicho. Na kama umeme hukatika mara kwa mara huko kwenu, weka kifurushi cha smartmontools uikague diski kwa `sudo smartctl -a /dev/sda`. Kwenye diski ya kuzunguka, namba ya Current_Pending_Sector ikiwa zaidi ya sifuri, nakili kazi zako leo hii.

Kosa (1) lisiloisha

*Kila programu ninayoweka, hata ndogo kama htop, inaishia na error code (1). Nimeondoa htop, nimeiweka tena, nimebadilisha seva ya kupakulia, wapi! – Msomaji, Eldoret*

htop haina hatia. Kwenye maandishi uliyotutumia, juu kabisa, kuna maneno `No space left on device`, na kabla yake `update-initramfs: Generating /boot/initrd.img`. Kuna kerneli (kiini cha mfumo) mpya iliyoshindwa kumaliza kusanidiwa siku kadhaa nyuma, na kila unapoita apt, dpkg hujaribu kuimalizia kwanza. Inashindwa tena, na lawama inaiangukia programu uliyoitaja siku hiyo.

Angalia kwa `df -h /boot`. Bila shaka utakuta asilimia 100. Aliyechagua kuisimba diski wakati wa kuweka Ubuntu hupewa sehemu ya `/boot` ya peke yake, ndogo, na kila kerneli huacha humo faili la initrd, linalotumika wakati wa kuwasha kompyuta, lenye makumi ya megabaiti. Diski kuu inaweza kuwa na GB 200 tupu na bado `/boot` ikawa imejaa pomoni.

Kimaandishi dawa ni `sudo apt autoremove --purge`. Kwa hali yako huenda nayo ikakwama, kwa kuwa apt haitaki kufanya jambo jipya kabla ya kiporo kuisha. Hivyo tafuta nafasi kidogo kwanza. Jua kerneli unayoitumia sasa:

`uname -r`

Orodhesha zilizopo kwa `ls -lh /boot`. Chagua ya zamani kuliko zote, ambayo SI ile iliyotajwa na uname, na uondoe initrd yake tu. Tuseme ni 5.15.0-91:

`sudo update-initramfs -d -k 5.15.0-91-generic`
`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt autoremove --purge`

Ya kwanza inafungua nafasi, ya pili inamaliza kiporo, ya tatu inaziondoa kerneli za zamani zote kwa utaratibu na kubakiza unayoitumia pamoja na mpya. Usiingie `/boot` na kufuta mafaili kwa `rm`: dpkg haitajua kwamba umeyafuta, na ukikosea jina utaikuta asubuhi kompyuta haiwaki. Ikiwa kerneli fulani uliiweka mwenyewe kwa kuitaja jina, autoremove haitaigusa; hiyo iondoe kwa `sudo apt purge`.

Kompyuta 20, bando moja

*Ni mwalimu wa kompyuta. Maabara yetu ina mashine 20 za Ubuntu, intaneti ni ya simu. Nilipakua VLC kwenye mashine moja, nikanakili faili la .deb kwa flashi, nikaendesha dpkg -i kwenye nyingine. Zote zikasema dependency problems. – Mwalimu, Kigoma*

Mwalimu, dpkg -i huweka faili ulilompa na si zaidi. VLC imegawanywa kwenye vifurushi vingi: programu yenyewe, viunganishi vyake, maktaba za kusoma video. Kazi ya kuvitafuta ni ya apt. Hata ukiweka mafaili yote kwenye folda moja na kutumia `sudo apt install ./*.deb`, ambayo ni njia bora kuliko dpkg -i, bado kuna mtego: mashine uliyopakulia ikiwa tayari ina kitegemezi fulani, haitakipakua tena, na mashine nyingine zitakikosa. Tena tangu Ubuntu 16.04 amri ya `apt` hufuta ilichopakua mara inapomaliza kusakinisha. Mwenye kutaka kubaki na mafaili atumie `apt-get install --download-only`, kisha ayachukue kwenye `/var/cache/apt/archives`.

Kwa mashine 20 lakini, flashi ni kujitesa. Weka apt-cacher-ng, programu inayohifadhi kila kilichopakuliwa na kuzigawia mashine nyingine, kwenye mashine moja yenye intaneti:

`sudo apt install apt-cacher-ng`

Ikikuuliza kuhusu kuruhusu vichuguu vya HTTP, jibu hapana. Ipe mashine hiyo anwani isiyobadilika kwenye mtandao wa ndani, mathalani 192.168.1.10. Kwenye kila moja ya zile nyingine andika mstari huu mara moja tu:

`echo 'Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";' | sudo tee /etc/apt/apt.conf.d/01proksi`

Kuanzia hapo, `sudo apt update` na `sudo apt install vlc` zinafanya kazi kama kawaida, ila kila faili linapitia mashine yako. Ya kwanza kuomba ndiyo inayokula bando. 19 zilizobaki hupewa nakala kutoka diski ya ndani kwa kasi ya waya. Programu ambayo pamoja na vitegemezi vyake ni MB 100 ingekula GB 2 kwa maabara nzima. Sasa inakula MB 100. Sharti ni mashine zote ziwe toleo moja la Ubuntu, la sivyo kila toleo litapakua vyake. Na ujue maghala ya programu yanayotumia https hayahifadhiwi kwa njia hii. Ya Ubuntu yenyewe kwa kawaida hutumia http, na usalama wake unatokana na saini ambayo apt huikagua, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Ukitaka kuona kinachoendelea, fungua kwenye kivinjari `http://192.168.1.10:3142/acng-report.html`.

Ukizima mashine hiyo, zile nyingine zote zitashindwa kusasisha na kulalamika kuwa haziwezi kuunganika na bandari 3142. Waambie na walimu wenzako, maana mtu anaweza kupoteza siku nzima akitafuta kosa mahali lisipokuwepo.

NOSPLIT

*apt update inanipa: Clearsigned file isn't valid, got 'NOSPLIT'. Wiki iliyopita haikuwa hivyo. – Msomaji, Unguja*

Fungua kivinjari uende kwenye tovuti yoyote ya http. Tuna hakika utakutana na ukurasa wa kukutaka ununue bando, au wa kuingia kwenye Wi-Fi ya hoteli. apt iliomba faili lenye saini, ikapewa ukurasa huo wa tovuti badala yake. Nunua bando au ingia, kisha safisha takataka zilizokwishahifadhiwa:

`sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/*`
`sudo apt update`

Folda hiyo ina orodha tu, na hupakuliwa upya. Amri hizo hizo hutibu pia `Hash Sum mismatch`, ambayo kwa kawaida huletwa na proksi (mashine ya kati) inayotoa nakala iliyopitwa na wakati.

Kufuli

*Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend. Rafiki yangu ameniambia nifute faili hilo. – Msomaji, Mombasa*

Rafiki yako anakutakia mema, ila ushauri wake ni mbaya. Kufuli si faili lenyewe. Ni haki ambayo programu inayofanya kazi imeishika juu ya faili hilo. Ukilifuta, apt yako itatengeneza jipya na kulishika, ya kwanza ikiwa bado inaandika. Hapo programu mbili zitakuwa zinaandika kwenye daftari moja, na utarudi kwetu na tatizo la msomaji wa Morogoro hapo juu.

Ujumbe wenyewe hutaja namba na jina la anayeshika, mara nyingi unattended-upgr, yaani masasisho ya usalama yanayojiendesha kompyuta ikishawaka. Yatazame yakiendelea:

`sudo tail -f /var/log/unattended-upgrades/unattended-upgrades-dpkg.log`

Kwa intaneti ya polepole nusu saa si ajabu. Ukiona hakuna kilichosogea kwa muda mrefu, tumia `sudo kill` na namba hiyo, bila -9, halafu `sudo dpkg --configure -a`.

pip imebadilika?

*Nimehama kutoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04. Sasa pip install pandas inakataa: externally-managed-environment. Mtandaoni wanasema niongeze --break-system-packages. – Msomaji, Goma*

Soma jina la chaguo hilo taratibu. Linasema litakachofanya.

pip huweka maktaba za lugha ya Python. Ubuntu yenyewe hutumia Python kwa kazi zake nyingi, na maktaba zake huletwa na apt. Zamani `sudo pip install` iliweka matoleo yake kwenye `/usr/local/lib`, na Python ikayasoma hayo kabla ya yale ya apt. Mtu alisasisha maktaba moja kwa ajili ya mradi wake, kesho yake zana ya mfumo ikakataa kufunguka. Tangu Debian 12 na Ubuntu 23.04, pip inafuata kanuni ya PEP 668 na kukataa kugusa Python ya mfumo. Upe kila mradi mazingira yake:

`sudo apt install python3-venv`
`python3 -m venv ~/miradi/hesabu`
`source ~/miradi/hesabu/bin/activate`
`pip install pandas`

Ukiona jina la mazingira kwenye mabano mwanzoni mwa mstari wa terminali, uko ndani. Hakuna sudo baada ya hapo. Ukiiweka unarudi nje kwenye Python ya mfumo. Kutoka ni `deactivate`, na kuvunja kila kitu ni kuifuta folda hiyo. Folda haihamishiki: ukiipeleka mahali pengine, njia zilizoandikwa ndani yake hubaki za zamani, hivyo itengeneze upya. Kwa programu zinazoendeshwa kama amri, mfano yt-dlp, tumia pipx, inayofanya haya yote yenyewe. Na kama toleo la apt linakutosha, `sudo apt install python3-pandas` inamaliza mjadala.

Windows na 1603

*Programu ya uhasibu inaishia na kosa 1603 kwenye Windows 10. Maana yake nini? – Msomaji, Arusha*

Peke yake haina maana zaidi ya "imeshindikana". Sababu ipate kwenye kumbukumbu. Fungua Command Prompt kama msimamizi na uendeshe:

`msiexec /i C:\weka\uhasibu.msi /L*v C:\weka\kumbukumbu.txt`

Likishashindwa, fungua faili hilo kwa Notepad na utafute `Return value 3`. Mistari michache juu ya mahali pa kwanza maneno hayo yanapotokea ndipo palipo na sababu. Mara nyingi ni hizi: akaunti ya SYSTEM haina ruhusa kamili kwenye folda unayowekea, folda hiyo imesimbwa, au unawekea kwenye herufi ya diski iliyotengenezwa kwa subst (amri ya Windows inayoipa folda herufi ya diski). Faili la .msi liwe kwenye diski ya ndani, si kwenye flashi wala folda ya mtandao. Kosa likiwa 1618, hapo ni jepesi: kuna usakinishaji mwingine unaendelea, kwa kawaida Windows Update. Subiri umalize au uwashe kompyuta upya.

Faili kutoka siku zijazo

*apt inasema Release file is not valid yet, invalid for another 2d. – Msomaji, Tanga*

Saa yako iko nyuma siku mbili. Betri ya bodi kuu imekufa, na Linux ikiona saa ya bodi haiaminiki huanzia muda iliyoukumbuka ilipozimwa mara ya mwisho. Intaneti ikiwepo, `sudo timedatectl set-ntp true`, inayochukua saa kutoka mtandaoni, inatosha. Mtandao ukizuia bandari 123 ya UDP, weka kwa mkono:

`sudo timedatectl set-ntp false`
`sudo timedatectl set-time '2025-06-14 10:30:00'`

Weka tarehe ya siku yenyewe. Saa huandikwa kwa mtindo wa saa 24 kuanzia usiku wa manane: 10:30 hiyo ni saa nne na nusu asubuhi. Anayeandika 04:30 anabaki nyuma saa sita, na apt huenda ikaendelea kukataa. Kisha zima, chomoa waya, badilisha betri. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032 ya volti 3, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu.